Nguruwe wa Kuumeni, Nguruwe wa Kukeni

Mtoto akishikwa na homa katika milima ya kati ya Malaita, wazazi wake huanza kujiuliza ni nani anayewadai. Mpiga ramli huitwa. Marehemu hutajwa kwa jina mmoja mmoja: wa upande wa baba, wa upande wa mama, wa bibi mzaa baba, wa babu mzaa mama, na wengine waliokufa zamani hata hakuna aliye hai anayezijua sura zao. Ramli ikishamkubali mmoja, hutafutwa kosa: mwiko uliovunjwa, ahadi iliyosahauliwa, jambo lililofichwa ambalo lilipaswa kusemwa. Kisha hujulikana malipo, ambayo mara nyingi ni nguruwe.

Msomaji wa Pwani atanivumilia, maana sura hii ina nguruwe wengi kuliko sura nyingine zote za kitabu hiki. Sina njia ya kuwakwepa. Wakwaio wana nasaba ndefu wanazozihifadhi kichwani, vizazi kumi na zaidi, lakini orodha ya majina peke yake haikuambii mtu ni wa wapi. Ukitaka kumjua Mkwaio, fuatilia nguruwe wake wanakwenda kwa marehemu yupi.

Malaita ni kisiwa kirefu chembamba katika Visiwa vya Solomon, nchi iliyokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1893 hadi ilipopata uhuru tarehe 7 Julai 1978. Eneo la Wakwaio linakikata kisiwa hicho katikati, kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki, na lugha yao inasemwa na watu zaidi ya 10,000. Wengi siku hizi ni Wakristo walioshuka kukaa karibu na bahari, kama vile kandokando ya ghuba za Sinalagu na Uru. Juu milimani, kwenye miteremko mikali na mvua isiyojua msimu, wamebaki watu walioishika dini ya mababu kwa ukaidi ambao wamisionari wa karne nzima hawakuuvunja. Hao wa milimani ndio ninaowazungumzia hapa, na zaidi kama walivyokuwa katika miaka ya 1960 na baadaye kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo picha tuliyoachiwa kwa undani.

Aliyetuachia picha hiyo ni Roger Keesing, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyepanda milima hiyo mwaka 1962 akiwa kijana wa miaka 27, akajifunza Kikwaio, na akaendelea kurudi kwa miaka thelathini. Kikwaio chenyewe humchezea Mswahili. *Wane* ni mwanamume, *geni* ni mwanamke, na *bata* si ndege wa kufugwa bali ni fedha, yaani tungo za shanga ndogo zilizochongwa kwa kombe za baharini. Kwa bata hulipwa mahari, hulipwa fidia, na hufanywa karamu za matanga. Maneno yatakayotufaa zaidi ni mawili: *fanua* na *adalo*.

Fanua ni ardhi, lakini ardhi yenye jina, mipaka na historia. Hapo zamani mtu fulani aliufyeka msitu, akalima magimbi, akaweka mahali pa tambiko. Akafa. Wazao wake wakaendelea kutambika palepale, naye akawa adalo, mmoja wa wale wafu wanaoendelea kuishi na watu wao. Ningeweza kuwaita mizimu na msomaji angenielewa, ila mizimu yetu mingi imebaki katika mapango na chini ya mibuyu, ikikumbukwa mvua inapochelewa. Adalo hapumziki namna hiyo. Yumo katika ndoto za usiku, katika afya ya watoto, katika mavuno, katika bahati ya mwindaji. Wakwaio wanasema anaona yote. Baba yako aliyekufa juzi ni adalo mdogo anayekujia ndotoni. Wale wa kale, waasisi wa fanua, ndio wenye nguvu, na ndio wanaotolewa nguruwe mahali pa tambiko na mtu maalumu aliyepewa kazi ya kusema nao.

Mpaka hapa hakuna la kumshangaza msomaji wa Afrika. Ardhi, muasisi, tambiko, wazao: tunaijua hesabu hiyo. Utata unaanza tunapouliza ni wazao gani.

Wakwaio hutofautisha wazao wa muasisi kwa namna mbili. Wapo waliozaliwa na wanaume, yaani waliounganishwa na muasisi kwa mlolongo wa baba, babu, baba wa babu, bila kupitia kwa mwanamke hata mmoja. Na wapo waliozaliwa na wanawake, ambao mahali fulani katika mlolongo wao pametokea binti aliyeolewa kwingine. Wa kwanza ndio wenye sauti kuu katika fanua. Wao ndio wanaotarajiwa kutoa mtambikaji, na ndio wanaosema shamba lifyekwe wapi. Wa pili nao ni wazao kamili. Adalo anawajua, anawalinda, anawaadhibu, na anapokea nguruwe wao. Wana haki ya kuja kulima na kuishi. Haki yao ni ndogo kidogo, lakini si ya hisani.

Sasa piga hesabu. Kila mtu ana wazazi wawili, mabibi na mababu wanne, na juu yao wanane. Kila mmoja wa hao alitoka katika fanua fulani, au katika fanua kadhaa. Kwa hiyo Mkwaio mmoja anazaliwa akiwa mzao wa waasisi wengi kwa mpigo, na anaweza kudai kitu katika kila fanua kati ya hizo. Tena wote hao wanaweza kumdai yeye. Kama kila mtu ni wa kila mahali, ukoo uko wapi?

Swali hilo liliwasumbua wataalamu wa wakati ule kuliko lilivyowasumbua Wakwaio, na sababu yake inatuhusu. Wanaanthropolojia waliokwenda Pasifiki baada ya Vita ya Pili ya Dunia walisafiri na Afrika mfukoni. Evans-Pritchard alikuwa ametoa kitabu chake juu ya Wanuer wa Sudan Kusini mwaka 1940, na Meyer Fortes alikuwa ameandika juu ya Watallensi wa kaskazini mwa Ghana mwaka 1945. Katika vitabu hivyo jamii imesimama kama mti: shina ni babu mmoja, matawi ni wanawe, na kila mtu yuko kwenye tawi lake kwa upande wa baba, basi. Picha ilikuwa nzuri mno, ikawa kama kipimo cha fundi, na kila jamii ya dunia ikapimwa kwacho. Walipofika milima ya Guinea Mpya wakakuta watu hawaingii. Mwaka 1962, mwaka uleule Keesing alipofika Malaita, mwenzao J. A. Barnes aliandika makala ya kuwaonya kwamba mifano ya Afrika inawapotosha huko.

Mimi ningeongeza kwamba mifano ile haikuwa Afrika yenyewe pia. Ilikuwa Afrika iliyonyooshwa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi anajua kwamba mti halisi huwa na mashina mengi kuliko ule wa mchoro.

Keesing aliamua kuacha kuuliza ukoo ni nini, akaanza kutazama watu wanafanya nini, wapi, na siku gani. Tufuate njia yake kwa mfano niliouunda mwenyewe kutokana na namna mambo yanavyokwenda huko, si kwa mtu halisi.

Kijana amezaliwa katika fanua ya baba yake. Kwa hiyo ni wa waliozaliwa na wanaume. Kiti chake kipo. Baba anafariki kijana akiwa mdogo, na mama anarudi kwa kaka zake. Mtoto anakulia kwa wajomba. Huko ndiko anakojifunza majina ya vijito na miti, ndiko anakojua ni kichaka kipi kisichopitwa kwa sababu kina mifupa ya watu wa kale. Wajomba wakitoa nguruwe kwa adalo wao, yupo, analishwa, anafundishwa miiko. Akikua analea nguruwe wake mwenyewe na kumweka wakfu kwa adalo wa ujombani. Akifika umri wa kuoa, wajomba wanachangia bata za mahari. Baada ya miaka ishirini, mtu huyo akizungumza habari ya fanua ile, hakuna anayemkatiza akisema wewe umezaliwa na mwanamke. Anachukuliwa kama mwenyeji.

Upande wa baba haujamfuta. Nguruwe mmoja kila baada ya muda lazima aende kule, kwa sababu adalo wa baba naye ana macho, na mtoto akiumwa ramli inaweza kumwangukia yeye. Binamu zake wa kuumeni, ambao wamebaki pale, wanamtambua. Akitaka kurudi, njia iko wazi. Lakini akirudi akiwa mzee, baada ya kukaa mbali maisha yote, atakuwa na damu ya mwenyeji na ujuzi wa mgeni, na kila mtu atajua hilo bila kulisema. Watoto wake, je? Wao wamezaliwa kwenye fanua ya bibi yao. Wakibaki, na wana wao wakabaki, itafika siku ambapo hakuna anayeona sababu ya kukumbusha kwamba hapo kati palikuwa na mwanamke.

Isipokuwa pakitokea ugomvi. Hapo yule mwanamke hufufuliwa. Watu wawili wakigombania mti wa matunda au shamba la zamani, aliye na mlolongo safi wa wanaume huukumbuka ghafla, naye aliyekaa na kutambika huhesabu nguruwe waliotolewa na baba yake na babu yake.

Hapa ndipo Keesing alipopata hoja aliyoiandika mwaka 1968, na ndiyo iliyonivuta nikaiandikia sura nzima. Hadhi ya mtu kwa Wakwaio haiwi moja inayotembea naye kila mahali. Inategemea shughuli iliyopo. Kwenye tambiko, mstari unaogawa watu ni ule wa uzao: wa adalo huyu ni akina nani, na nani kati yao ni wa kuumeni. Kwenye kisasi, zamani za visasi, mstari ulikuwa wa damu ya karibu kwa pande zote mbili, kwa sababu ndugu wa mama yako nao walipaswa kukulilia kwa silaha. Kwenye kazi ya kila siku, kufyeka na kujenga, mstari ni wa wanaokaa pamoja. Kwenye karamu ya matanga mtu mmoja anaweza kuwa na sababu ya kukaa upande wa wenyeji na sababu ya kukaa upande wa wageni, na atachagua, na uchaguzi wake utakumbukwa. Watu walewale, siku tofauti, makundi tofauti. Mgeni anayechora ramani anaona vurugu. Mwenyeji haoni tabu yoyote, kwa sababu akiingia mahali anajua kwanza ni shughuli gani.

Miaka miwili baadaye Keesing alirudi Afrika kwa karatasi. Aliwaweka Wakwaio kando ya Watallensi wa Fortes akilinganisha mahali pao pa tambiko, akaonyesha kwamba wanaoitwa watu wa pande zote mbili na wanaoitwa watu wa upande wa baba tu wanafanana kwa matendo kuliko walivyofanana vitabuni. Kwa Watallensi nako uzao wa kupitia mama ulikuwa na uzito katika tambiko, na kwa Wakwaio nako kuumeni kulikuwa na kipaumbele.

Nyumbani kwetu kuna kisa pacha. Mwaka 1965 Pat Caplan, Mwingereza, alianza utafiti katika kijiji cha kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia. Alikuta Waswahili ambao ukoo wao haukuwa wa kuumeni tu wala wa kukeni tu. Mtu alihesabiwa kuwa mzao wa makundi kadhaa kupitia kwa baba na kwa mama, akaweza kudai mahali pa kukaa na kulima katika zaidi ya kundi moja. Makala yake ya 1969 na kitabu chake cha 1975 vinazungumza juu ya uchaguzi na mipaka ya uchaguzi, karibu kwa maswali yaleyale. Mafia ilikuwa na Uislamu na mirathi ya kisharia juu ya hayo, na hakuna nguruwe hata mmoja. Lakini Mmafia na Mkwaio wangeelewana haraka kuhusu jambo moja: mtu mwenye milango mingi hafi njaa, ila lazima aitunze milango yake.

Nirudi milimani. Nimesema hadhi, na bado sijasema mkubwa ni nani.

Wakwaio wa milimani hawana mfalme wala jumbe wa kurithi. Ukubwa una njia tatu. Ya kwanza ni ya mtambikaji, ambaye kwa kawaida hutoka kwa waliozaliwa na wanaume. Huyu anabeba hatari kwa niaba ya wengine, kwa sababu ndiye anayegusa vitu vya wafu na ndiye anayefungwa na miiko mingi zaidi. Ya pili ilikuwa ya *ramo*, mtu wa vita, aliyeua kwa kulipiza au kwa zawadi iliyowekwa juu ya kichwa cha mtu. Ya tatu ni ya mwandaa karamu, na hii ndiyo njia ambayo mtu asiye na kiti cha kuzaliwa anaweza kuipanda.

Keesing aliandika maisha ya mmoja wao, 'Elota, kwa maneno ya mzee mwenyewe, katika kitabu kilichotoka mwaka 1978. Ni kitabu cha mahesabu. Nani alitoa bata ngapi kwa mahari ya nani, nani alirudisha, nani alichelewa. 'Elota alipanda kwa jasho: mashamba makubwa, nguruwe wengi, mke mchapakazi (bila yeye hakuna nguruwe hata mmoja, jambo ambalo wazee hawa husahau haraka kulisema), kisha kuwagharimia vijana wa jamaa yake waoe. Kila mahari aliyoichangia ilikuwa mbegu. Kijana aliyeozwa huja kumsaidia, na binti wa kijana huyo akija kuolewa, sehemu ya mahari inamrudia aliyetoa zamani. Akifa mtu wa jamaa, mkubwa huandaa karamu ya matanga, ambapo waliomshika maiti na kuingia katika mwiko wa kifo hulipwa, na bata hupita mikononi mbele ya macho ya mamia. Siku hiyo jina hupanda au huanguka. Mwanaanthropolojia Marshall Sahlins alipoandika mwaka 1963 juu ya wakubwa wa Melanesia wanaojijenga wenyewe, watu wa aina ya 'Elota ndio aliokuwa nao akilini.

Tofauti yao na tajiri wetu wa mjini ni kwamba mkubwa wa Kwaio halimbikizi. Akiwa na bata nyingi ndani na hakuna anayemdai, watu humwona mchoyo, na mchoyo hana ukubwa.

Na wanawake? Makazi ya Kwaio yenyewe yanajibu, kwa sababu yamejengwa kama hoja. Ni uwanja mdogo juu ya mteremko, nyumba chache tu. Juu kabisa ni nyumba ya wanaume, mahali pa *abu*, penye mwiko. Katikati ni nyumba za familia, mahali pa *mola*, pa kawaida, ambapo wote huchangamana. Chini kabisa ni kibanda cha wanawake walio katika hedhi, na chini zaidi, msituni, mahali pa kujifungulia. Mwanaume hashuki kule, mwanamke hapandi huku. Maji ya chini hayapandishwi juu. Mgeni wa haraka atasema: juu utukufu, chini uchafu. Keesing alisema hivyo pia mwanzoni, kwa kiasi fulani, halafu akaona kwamba mambo hayo mawili yanatazamana kama kitu na kivuli chake kwenye maji. Mtambikaji baada ya tambiko hujitenga juu, halali na mkewe, huhudumiwa na mvulana. Mzazi baada ya kujifungua hujitenga chini, huhudumiwa na msichana. Wote wawili wamegusa mahali ambapo uhai unaingia na kutoka.

Baadaye wanawake wenyewe walizungumza, na mwaka 1985 aliandika makala nzima juu ya maneno yao. Hawakujieleza kama watu waliosukumwa chini. Walijieleza kama walinzi: wao ndio wanaofundisha mabinti miiko, na mwanamke mmoja akiteleza na kuficha, ukoo mzima unaugua. Mzigo ni mzito na sitaupamba. Zamani binti aliyeshutumiwa kwa zinaa aliweza kuuawa na ndugu zake mwenyewe. Lakini mwanamke akifa naye huwa adalo, na wapo adalo wanawake wenye nguvu kubwa. Kumbuka pia kwamba wale wote wanaoitwa waliozaliwa na wanawake wanamkumbuka mwanamke fulani kwa jina. Katika jamii nyingi za kuumeni, binti aliyeolewa mbali hufutika baada ya vizazi viwili. Kwa Wakwaio yeye ni daraja, na daraja halisahauliwi na wanaolipita.

Mfumo huu wa milango mingi ulikutana na serikali, ambayo hupenda mlango mmoja.

Mwaka 1927 Afisa wa Wilaya ya Malaita alikuwa William Bell. Kila mwanaume alitakiwa kulipa kodi ya kichwa, shilingi 5, na Bell alitaka pia bunduki zisalimishwe, bunduki ambazo Wamalaita walizileta nyumbani kutoka mashamba ya miwa ya Queensland walikofanya kazi ya mikataba. Tarehe 4 Oktoba, Bell akiwa mezani anapokea kodi kando ya ghuba ya Sinalagu, ramo mmoja aitwaye Basiana alimpiga kichwani kwa mtutu wa bunduki. Bell akafa, na msaidizi wake Kenneth Lillies, na wenzao 13, wengi wao askari wazawa wa Malaita.

Manowari Adelaide ikatumwa kutoka Australia. Wazungu wa kujitolea walishindwa na milima mapema. Kazi ikafanywa na askari wazawa, hasa kutoka kaskazini mwa kisiwa, na baadhi yao walikuwa na ndugu kati ya waliouawa. Hawa walijua wapi pa kuumiza. Keesing na mwanahistoria Peter Corris, walioandika kisa hicho mwaka 1980, walikadiria kwamba Wakwaio takriban 60 waliuawa, wengi wasiohusika kabisa. Karibu 200 walifungwa Tulagi, makao makuu ya serikali ya kikoloni wakati huo, na takriban 30 kati yao walifia humo kwa maradhi. Basiana na wenzake watano walinyongwa mwaka 1928. Lakini wazee walipomsimulia Keesing, jambo waliloliweka juu ya yote ni lingine: askari walibomoa mahali pa tambiko, wakavunja mafuvu ya mababu, na vitu vitakatifu vikatupwa katika vibanda vya hedhi. Cha juu kabisa kilishushwa chini kabisa.

Mtu wa nje angetegemea adalo wawaadhibu askari. Haikuwa hivyo. Adalo huwadai wazao wake, si wageni. Waliougua, waliokosa mazao na waliozika watoto miaka iliyofuata walikuwa Wakwaio, na walijua kwa nini.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia Malaita nzima iliingia katika vuguvugu la Maasina Rule, jina linalotokana na neno la jirani zao Wa'are'are lenye maana ya undugu. Wakoloni waliwafunga maelfu. Kwa Wakwaio urithi mkubwa wa vuguvugu hilo ulikuwa madaftari. Waliona serikali inaheshimu kilichoandikwa, kwa hiyo wakaazimia kuandika: majina ya fanua, mipaka, nasaba, miiko, fidia ya kila kosa. Vikao vilikaa miaka na miaka. Keesing alipofika walimpokea vizuri kwa sababu hiyohiyo. Huyu hapa mtu mwenye kalamu.

Kazi haikuisha na haikuweza kuisha. Daftari linataka mstari: fanua hii, mwenye nayo fulani. Andika waliozaliwa na wanaume peke yao, umewafukuza waliotambika pale vizazi vinne. Andika wote, na kila jina litatokea katika kila ukurasa. Tatizo hilo limezidi kuwa kali katika Visiwa vya Solomon tangu kampuni za mbao zilipoanza kutafuta mtu wa kutia saini, kwa kuwa sheria ya misitu inataka wajulikane watu wenye haki ya kuuza miti ya eneo fulani. Anayetia saini ndiye anayepokea mrabaha. Ndugu aliyekuwa na mlango wa pili, ule wa bibi yake, anasikia habari baada ya miti kuanguka. Kwenye tambiko alikuwa mtu, kwenye fomu hayumo.

Keesing alifariki ghafla nchini Kanada mwezi Mei 1993, akiwa na miaka 57. Majivu yake yalipelekwa Malaita, yakawekwa kwa Wakwaio. Hakuzaliwa na mwanaume wa huko wala na mwanamke wa huko. Hakuna fanua ambayo jina la babu yake limo. Alikaa, akala, akajua majina ya vijito. Huko milimani wapo wanaomhesabu kuwa adalo.